Kumwombea ndugu mgonjwa wa akili malipo ya ulemavu Marekani: huduma ya SSA tunaipa ngapi?

Kwa sheria zake tunaipa nane kwa kumi. Kwa namna inavyomhudumia mtu ambaye ugonjwa wenyewe unamzuia kufungua barua, tatu. Alama tano zilizobaki hapo katikati ni kazi yako wewe unayemuuguza.

SSA, idara ya hifadhi ya jamii ya Marekani, ina mifuko miwili. SSDI ni ya aliyefanya kazi akakatwa kodi ya hifadhi ya jamii, na kiasi chake hutegemea mshahara aliokuwa akipata. SSI haiulizi kazi, inauliza umaskini: mwaka 2026 serikali kuu inalipa hadi dola 994 kwa mwezi kwa mtu mmoja, mradi mali yake inayohesabiwa haizidi dola 2,000. Kikomo hicho hakijaguswa tangu 1989, na hapo hatuna neno jema la kusema. Aliyeingia kama mkimbizi huipata kwa miaka saba tu kama hajawa raia, kwa hiyo uraia nao usiachwe kiporo.

Usijichagulie mfuko, omba yote miwili kwa pamoja. Wengi huanza kuugua skizofrenia wakiwa vijana, na jamaa hudhani SSDI haiwahusu kwa sababu kijana hajafanya kazi vya kutosha. Aliyeugua kabla ya kutimiza miaka 24 anaweza kutosheka na krediti sita (alama za kazi zinazotokana na mapato yaliyokatwa kodi hiyo) alizopata katika miaka mitatu kabla ya kuugua. Na kama ulemavu ulianza kabla ya miaka 22, mtu mzima asiye na ndoa anaweza kulipwa kwa rekodi ya mzazi anayepokea pensheni au malipo ya ulemavu, au aliyefariki akiwa amechangia vya kutosha. Mlango huu huenda maafisa wasiutaje mpaka uutaje wewe. Zichimbue karatasi za shule na za hospitali za umri ule.

Piga simu kabla hujakusanya chochote. SSI hailipi miezi iliyotangulia ombi. Huanzia mwezi unaofuata. Siku uliyosema unataka kuomba inaweza kushikwa kama tarehe ya ombi, ukikamilisha fomu ndani ya muda watakaokuandikia. Namba ni 1-800-772-1213, na mkalimani ni bure, hivyo usimkalishe mtoto wa shule kwenye simu atafsiri habari za dawa za mjomba wake. SSDI inaweza kurudi nyuma hadi miezi 12, ila miezi mitano kamili ya mwanzo ya ulemavu hailipwi, na Medicare, bima ya afya ya serikali kuu, huja baada ya miezi 24 ya kustahili malipo.

Sasa fomu, maana kesi nyingi hufia hapa. Afisa wa dirishani haamui ulemavu. Faili huenda kwa ofisi ya jimbo iitwayo DDS, na huko watu husoma karatasi; mgonjwa mara nyingi hawamwoni kabisa. Jina la ugonjwa halitoshi. Kwa skizofrenia (kifungu 12.03 cha orodha ya magonjwa ya SSA) na kwa sonona na baipola (12.04) wanapima maeneo manne: kuelewa na kukumbuka, kuishi na watu, kumakinika na kwenda na kasi ya kazi, na kujimudu mabadiliko yakija. Anatakiwa awe ameathirika kupita kiasi katika eneo moja, au vibaya sana katika mawili. Njia nyingine ni ugonjwa uliorekodiwa kwa angalau miaka miwili, mgonjwa akiwa kwenye matibabu yanayoendelea na bado hawezi kuhimili mabadiliko madogo. Kwa njia zote mbili, hali iwe imedumu au itarajiwe kudumu miezi 12.

Maisha ya kila siku hujazwa na mgonjwa kwenye fomu SSA-3373, na pia na mtu anayemjua kwenye SSA-3380. Mwenye saikosi, yaani anayesikia au kuamini yasiyokuwepo, aghalabu hajioni mgonjwa. Akiulizwa kama anajipikia ataandika "ndiyo", akiulizwa kama anaelewana na watu ataandika "sina tatizo na mtu". Hadanganyi, ndivyo anavyojiona. Lakini msomaji wa DDS huichukua "ndiyo" ile kama ilivyo. Usimfutie majibu yake wala usimwambie aandike nini. Ya kwako weka kwenye SSA-3380, kwa vipimo: "Anapasha chakula kwenye maikrowevu nikimkumbusha, mara mbili kwa wiki. Mwezi Machi aliacha jiko likiwaka usiku kucha, tangu hapo tumetoa vitasa vya jiko. Huoga nikimhimiza siku tatu mfululizo. Husimama katikati ya sentensi kusikiliza kitu nisichokisikia." Neno "wakati mwingine" litupe kabisa, weka namba badala yake. Sema pia kinachotokea usipokuwepo, kwa sababu mtu anayeonekana nadhifu kwa kuwa dada yake anamfulia huhesabiwa kuwa anajifulia.

Fomu SSA-827 inawaruhusu kuomba rekodi za hospitali, lakini hawaombi wasichokijua. Orodhesha kila kliniki, kila kulazwa na kila gari la dharura, pamoja na tarehe. Daktari akiandika "hawezi kufanya kazi" hajasaidia, kwani hukumu hiyo ni ya SSA yenyewe. Mwombe aandike mgonjwa anamakinika dakika ngapi, anavyopokea maelekezo ya msimamizi, na angekosa siku ngapi za kazi kwa mwezi. Palipo na pengo la matibabu, mtangulie msomaji kulieleza. "Aliacha dawa" husomeka kama ukaidi. "Aliacha dawa akiamini zimetiwa sumu" ni dalili. Bangi na pombe nazo zitazua maswali: sheria inakataa madai kama bila kilevi mtu huyo asingekuwa mlemavu, kwa hiyo rekodi ya siku alizokaa hospitalini bila kilevi na bado akasikia sauti ina thamani kubwa.

DDS wakimpangia daktari wao, wanalipa wao. Asipokwenda bila sababu ya maana, ombi linaweza kukataliwa kwa hilo peke yake. Msindikize.

Barua ndiyo aibu ya huduma hii. Zinakwenda kwa jina la mgonjwa, naye huzirundika chini ya godoro, huku saa ya rufaa inakimbia: siku 60 tangu apokee, nao huhesabu alipokea siku tano baada ya tarehe iliyoandikwa juu. Kukataliwa mara ya kwanza ni jambo la kawaida. Usiombe upya, utapoteza tarehe yako ya mwanzo. Peleka SSA-561 ili ombi liangaliwe tena, na wakikataa tena, HA-501 ili lisikilizwe na jaji. Wakili kwa mkataba wa kawaida huchukua asilimia 25 ya malimbikizo, yaani malipo ya nyuma yaliyorundikana, isiyozidi kikomo cha SSA (mwaka 2025 kilikuwa dola 9,200), na asiposhinda hana ada. Kwa asiye na makazi, ulizia watu wa mpango wa SOAR katika jimbo lako. Wamefundishwa kazi hii hasa, na hawatozi.

Akishinda asiyeweza kutunza fedha, hati ya uwakili uliyoandikishiwa kwa wakili haitakusaidia, SSA haiitambui kwa kupokea malipo. Jaza SSA-11 uteuliwe kupokea kwa niaba yake, ufungue akaunti ya fedha zake peke yake. Malimbikizo makubwa ya SSI huja kwa mafungu hadi matatu, miezi sita baina ya moja na jingine, na kila fungu lina miezi tisa kabla halijahesabiwa kama mali. Akiba yake iingie kwenye akaunti ya ABLE, akaunti maalumu ya akiba kwa wenye ulemavu, ambayo tangu Januari 2026 iko wazi kwa ulemavu ulioanza kabla ya miaka 46.

Akikaa kwako bure, akala na kulala bila kuchangia, SSI inaweza kukatwa theluthi. Chakula chenyewe hakihesabiwi tena tangu Septemba 2024, lakini makazi bado. Mwandikieni mkataba wa kodi ya chumba, kodi ilipwe kweli, na risiti zitunzwe. Akipata kibarua, dola 85 za kwanza kwa kawaida hazihesabiwi na nusu ya zinazobaki hukatwa: akilipwa 485, SSI inapungua 200. Mshahara uripotiwe ndani ya siku kumi baada ya mwezi kuisha, na risiti ya kuripoti udai papo hapo, kwa sababu barua ya kurudisha fedha iliyozidi inaweza kuja miaka miwili baadaye, ikiwa na jina lako juu yake.