Miaka mitatu ya darasa la jioni: uzoefu wangu wa kusoma Ustawi wa Jamii huku nikilea watoto wa watu

Nafanya kazi kwenye kituo cha kulelea watoto mchana hapa Dar es Salaam. Nina watoto wa miaka miwili mpaka minne. Wa kwanza analetwa saa 12 na nusu asubuhi, wa mwisho anachukuliwa saa 10 jioni, labda mzazi akwame kwenye foleni. Mwaka 2021 niliomba kusoma Ustawi wa Jamii kwa utaratibu wa jioni. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne tu, ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini na chenji kidogo, kwa hiyo nilianzia NTA (tuzo za taifa za mafunzo ya ufundi) ngazi ya 4, nikapanda ya 5, na mwaka 2024 nikamaliza ya 6, yaani stashahada. Chuo sitakitaja. Baadhi ya nitakayosema si mazuri, na cheti changu bado kiko mikononi mwao.

Nianze na fedha, maana najua ndilo swali la kwanza. Nililipa 1,100,000 kwa mwaka kwa awamu nne, na michango midogo midogo juu yake: kitambulisho, mitihani, usajili. Awamu mbili nililipa kwa fedha ya kikoba, moja kwa mshahara, na moja kila mwaka ilinitoa jasho. Ukichelewa hufukuzwi darasani, ila jina lako halionekani kwenye orodha ya mtihani. Siku ya mtihani utawaona watu wazima na heshima zao wamejaa kwenye korido wanahangaikia kontroli namba.

Sasa niseme kilichonifanya nisijutie hata shilingi moja. Muhula wa pili tulipewa asaimenti ya kumwangalia mtoto mmoja kwa wiki mbili na kuandika. Nikajiona nimeshinda, mimi si nashinda nao kutwa? Nikamchagua mvulana wa miaka mitatu aliyekuwa na tabia ya kung'ata wenzake. Niliandika kurasa tatu: ana hasira, ana wivu, amedekezwa kwao. Mwalimu alizirudisha zikiwa na wino mwekundu kila mstari, na neno lilikuwa moja tu: "Umeonaje?" Nikamfuata baada ya kipindi. Akaniambia, "Dada yangu, hasira haionekani kwa macho. Alifanya nini?" Nikamjibu kwamba alirusha kikombe, akaingia chini ya meza. "Saa ngapi? Kabla ya hapo kulitokea nini? Alikaa huko muda gani? Basi andika hayo."

Nilirudi kazini na daftari dogo la mistari, kalamu nimeining'iniza shingoni. Siku tisa za kazi niliandika kila alipong'ata: saa, mahali, nani, kabla yake kulikuwa na nini. Nilipolitandaza mezani nyumbani usiku, mng'ato mmoja tu ulitokea mchana. Mingine yote ilikuwa kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi, na uji sisi tunagawa saa 4. Mama yake anauza samaki, anaamka alfajiri kuwahi Feri, mtoto anaachwa kwa jirani anayemleta kituoni akiwa wa kwanza kabisa. Tangu usiku hajaweka kitu mdomoni. Tukaanza kumpa kikombe chake cha uji akifika tu. Hakuacha kung'ata kabisa, nisidanganye, lakini kutoka karibu kila siku alifika mara moja kwa wiki, na siku nyingine wiki inapita kimya. Nilipomweleza mama yake, alikaa kwenye kiti kidogo cha watoto akashika kichwa. "Anti, kumbe alikuwa na njaa, na mimi nampiga?"

Hapo ndipo ninapoona tofauti ya kusoma huku unafanya kazi. Wale wa mchana, vijana wa miaka 19, walimsoma Bowlby na nadharia yake ya mtoto na mlezi wake, wakamkariri, wakapata A. Mimi nilipata B. Lakini kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni nikiangalia nani analia mama akiondoka, nani analia mama akirudi, na nani haangalii kabisa.

Na darasa lenyewe! Tulikuwa na polisi wa dawati la jinsia na watoto, manesi wawili, mchungaji, mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kijana wa bodaboda aliyekuwa na akili kutupita wote. Kipindi cha sheria kilikuwa kama baraza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Mwalimu alitaka tujadili kwa dakika 20. Saa 3 usiku mlinzi alikuja kuzima taa, mchungaji na polisi bado wamesimama. Mambo hayo huyapati kwenye maandishi ya mwalimu uliyotolea kopi stesheneri.

Kero sasa. Vipindi vinaanza saa 11 na nusu jioni. Mimi natoka kazini saa 10, napanda daladala mbili, nafika nimekunjika kama kanga iliyotoka kwenye beseni. Halafu saa 11 na dakika 20 ujumbe unaingia kwenye grupu la wasap: "Leo hakuna kipindi, mwalimu amepata dharura." Muhula mmoja wa mwaka wa pili nilihesabu siku 11 za namna hiyo. Vipindi hivyo vilikuja kufidiwa Jumamosi tatu mfululizo, asubuhi mpaka jioni, mtihani ukiwa wiki inayofuata. Nilipata sapu, yaani kurudia mtihani, ya takwimu, na kusema kweli ile sapu naigawa nusu kwa nusu na chuo.

Lugha nayo. Tunafundishwa na kufanya mtihani kwa Kiingereza, kisha tunakwenda kuhudumia watu kwa Kiswahili. Mwaka wa kwanza nilikuwa najua dhana darasani, nikifika kwa mzazi naganda. Siku moja nikakutana na maneno ya serikali yenyewe kwenye programu ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto iliyozinduliwa mwaka 2021: afya bora, lishe ya kutosha, ulinzi na usalama, ujifunzaji wa awali, malezi yenye mwitikio. Nikalishika lile la mwisho. Mwitikio ni kuitika. Mtoto akiita, uitike, hata kama hajui kusema na anaita kwa kukukodolea macho. Namweleza mzazi hivyo kwa nusu dakika, na ananielewa kuliko nilivyolielewa darasani kwa saa mbili.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia nilipokuwa najaza fomu ni fildi. Darasa ni la jioni, sawa, lakini mafunzo kwa vitendo ni mchana, wiki nane, saa za ofisi, na karatasi ya mahudhurio inasainiwa kila siku. Ofisi za ustawi hazifunguliwi usiku kwa ajili yako. Bosi wangu ni mtu mwema ila ana biashara ya kuendesha. Tulikubaliana nitumie likizo yangu ya mwaka, zile siku 28 za kisheria, na wiki nne zilizobaki nimtafute mtu wa kunishikia. Nikamlipa binti 8,000 kwa siku kutoka mfukoni, siku 20. Hiyo ni 160,000 ambayo haimo kwenye jedwali la ada. Mwenzangu mmoja, keshia wa duka la jumla, alinyimwa ruhusa akaacha kazi. Mwingine akaacha chuo akiwa amebakiza muhula mmoja.

Fildi yenyewe ilikuwa dhahabu. Nilipangwa ofisi ya kata, chini ya afisa mmoja mwenye kesi kwenye mafaili mpaka juu ya friji. Nyingi zilikuwa za matunzo ya mtoto. Kuna siku walikuja baba na mama wa mtoto wa miaka mitano (nimebadilisha vitu viwili vitatu wasijulikane). Mama anasema hajaona hata mia tangu Ramadhani. Baba anaapa anatuma. Wanapandishiana sauti, afisa anawatuliza, na mimi nikasikia sauti ya wino mwekundu kichwani: umeonaje? Nikamwomba baba, kwa heshima, atufungulie meseji za miamala. Fedha ametuma kweli, mara tatu, 15,000 kila mara, kwenye laini ambayo mama aliibiwa pamoja na simu. Kila mtu alikuwa anasema kweli. Afisa hakunisifu wala nini, alisogeza faili lingine upande wangu wa meza.

Nyumbani nilikuwa na binti wa darasa la tatu, na dada yangu mdogo ndiye aliyebeba mzigo. Bila yeye nisingefika ngazi ya 5. Kama huna mtu wa kumpa mtoto chakula cha usiku siku nne kwa wiki, nakushauri usubiri.

Kwa hiyo nani aende? Kama tayari uko na watoto au familia kila siku, iwe deikea, zahanati, shule, dawati au ofisi ya mtaa, nenda, nakupa nyota nne kati ya tano. Kama unauza duka na unataka kubadili maisha, inawezekana pia, ila utasoma hewani mpaka fildi ifike, na fildi ndiyo itakayokukuta hujajipanga. Kabla hujalipa hata fedha ya fomu, muulize mtu wa udahili maswali mawili: fildi ni wiki ngapi na saa ngapi, na kipindi kikifutwa kinafidiwa lini. Akikujibu "hayo utaelezwa mbele ya safari", jua jibu ulilolipata.

Mimi kituoni nimeongezwa mshahara kidogo, na kila mtoto sasa ana daftari lake. Namba ya simu 116 ya kutoa taarifa za watoto wanaofanyiwa ukatili nimeiandika kwa makapeni kwenye mlango wa ndani, wazazi wanaiona wakivua viatu. Cheti sijakichukua. Kukipata lazima fomu ya kliransi, ya kuonyesha sidaiwi kitu, isainiwe maktaba, fedha na idarani, mwenyewe uwepo. Maktaba inafunga saa 10 jioni.