Vidani vya alama za Misri ya kale: chukua khartushi, dundu mwache dukani

Katika vidani vyote vyenye alama za dini ya Misri ya kale vinavyouzwa soko la Khan el-Khalili, Kairo, kinachostahili bei yake ni khartushi ya fedha, kile kibao kirefu chenye jina lako kwa hieroglifi, yale maandishi ya picha ya Misri ya kale. Ukingo wake ni kamba iliyofungwa, alama ya umilele. Zamani ilizunguka majina ya wafalme na malkia.

Uliza kwanza herufi zimewekwaje. Zilizokatwa kwa msumeno na kulehemiwa juu ya kibao hudumu. Zilizochorwa juujuu kwa mashine hufutika kwa kusuguana na nguo. Pitisha ukucha: herufi inayokwaruza pembeni haikushika lehemu vizuri, na siku moja itanasa kwenye mtandio na kubanduka.

Tahajia ikaguliwe kwenye karatasi kabla sonara hajawasha moto. A hupewa tumbusi, M bundi, R mdomo, na L simba, yule yule aliyemo kwenye jina la Kleopatra. Ndege na wanyama wote hutazama upande mstari unakoanzia. Upau ulionyooka wa khartushi hukaa mwisho wa jina, yaani chini kidani kikining'inia. Kitanzi cha kupitishia mkufu kikilehemiwa upande wa upau, jina lote limesimama kichwa chini, na kosa hilo halirekebishiki bila kubandua.

Bei ni uzito mara bei ya gramu, kisha ufundi. Patana kwenye ufundi. Mkufu upimwe peke yake, nao uwe na chapa yake: 925 kwa fedha, 750 kwa dhahabu ya karati 18. Sumaku isipovuta haithibitishi kitu, kwa sababu shaba nayo haivutwi.

Ankhi, ule msalaba wenye kitanzi juu, ni salama, ila itazame pale kitanzi kinapokutana na mikono. Ikiwa nyembamba hupindia hapo. Jicho la Horus, yule mungu mwenye kichwa cha kipanga, ni zuri likiwa fedha tupu.

Dundu, yule mdudu mtakatifu wa Misri ya kale (skarabi), mwenye mbawa za “feruzi” ndiye wa kukwepa. Mara nyingi ni jiwe jeupe lililotiwa rangi. Pamba yenye dawa ya kufutia rangi ya kucha, ikisuguliwa nyuma ya jiwe, ikitoka na buluu jibu umelipata. Isipobadilika bado si ushahidi, kwani rangi nyingine hufunikwa kwa gundi. Dawa hiyo isiguse mbawa za resini, huzifubaza.