Kibao cha kuchorea: kipi ununue kwanza, na namba ipi usihangaike nayo

Kibao cha kuchorea ni bapa unalochomeka kwenye kompyuta, unachora juu yake kwa kalamu maalumu na mstari unatokea kwenye skrini. Ukishika boksi lake dukani, namba itakayokurukia machoni ni 8192. Hizo ni ngazi za mgandamizo. Ukiigusisha kalamu kidogo mstari unatoka mwembamba, ukiikandamiza unanenepa, na kompyuta inahesabu ngazi zote za katikati. Wauzaji wanaipenda sana namba hii. Mimi nakuomba uipite tu. Kati ya 2048 na 8192, ni wachache mno watakaoona tofauti kwenye kazi iliyomalizika. Pesa yako ifuate mambo mawili: kalamu isiyotumia betri, na ukubwa wa eneo la kuchorea.

Kalamu kwanza. Chini ya uso wa kibao kumetandazwa nyaya nyembamba zinazotoa nguvu ya sumaku-umeme. Ndani ya kalamu kuna koili ndogo, yaani waya uliozungushwa, inayoipokea nguvu hiyo, kisha inarudisha ishara ya mahali ilipo na jinsi ilivyokandamizwa. Ndiyo maana haichajiwi kamwe. Kampuni ya Wacom ya Japani ndiyo iliyowazoesha wachoraji mfumo huo, na leo hata vibao vya bei nafuu vinao. Modeli za zamani kama Huion H420 zina kalamu ya betri ya AAA. Ukikutana nayo kwenye mitumba, iache, hata kwa bei ya kutupa.

Sasa eneo. Chukua karatasi ya A4 uikunje mara mbili. Kipande unachopata ni A6, milimita 148 kwa 105, na vibao vingi vidogo vinakaribia hapo. Kiweke kando ya laptop yako, tembeza kalamu ya wino juu yake kana kwamba unachora, na utajua papo hapo kama mkono umebanwa. Mwenye laptop ya inchi 14 kwa kawaida anaridhika. Mwenye skrini kubwa ya mezani ataona kila kitendo kidogo cha mkono kinageuka mruko mrefu kwenye skrini.

Namba moja kwangu ni Huion H640P. Eneo lake ni milimita 160 kwa 100, kina vitufe sita pembeni, na ni chembamba kiasi cha kuingia kwenye begi la laptop bila kuhisiwa. Chukua kazi ambayo wabunifu wengi wa Dar wanaijua: kadi ya harusi, picha ya bibi harusi mwenye shela, na mteja anataka mandhari ya nyuma yaondolewe. Kwa kipanya utabofya nukta baada ya nukta, na shela itatoka kama imekatwa kwa mkasi. Kwa kalamu unapita ukingoni mwa shela kwa mgandamizo hafifu, kitambaa kinabaki kuonyesha upande wa pili, kisha ukifika begani unakandamiza na ukingo unakaza. Kazi hiyo peke yake inatosha kukilipia kibao. Udhaifu wake ni tundu la kebo, ambalo ni micro USB. Usikibebe kebo ikiwa bado imechomekwa.

Namba mbili ni One by Wacom, ile ndogo. Eneo ni milimita 152 kwa 95, ngazi ni 2048, na kibao chenyewe hakina kitufe hata kimoja. Kwa makaratasi kinaonekana kimeshindwa. Lakini draiva za Wacom, yaani programu zinazokiunganisha kibao na kompyuta, ni tulivu, kompyuta ya Linux kwa kawaida inakitambua bila kusakinisha chochote, na ni kifaa cha kudumu. Mwalimu anayefundisha hesabu kwa Zoom, karani anayesaini PDF, mhariri anayeandika masahihisho pembeni mwa rasimu: hawa ningewaelekeza hapa kabla ya H640P.

Namba tatu ni XP-Pen Deco 01 V2, chenye inchi 10 kwa 6.25, yaani kinapita A5. Kinasoma pia mlalo wa kalamu hadi nyuzi 60, jambo linalomfaa anayetia kivuli kama kwa penseli. Kama unachora katuni au unabuni kanga, ambapo pindo refu linataka mstari unaotoka kwenye kiwiko na si kwenye kifundo cha mkono, kipandishe kiwe namba moja. Nimekiweka chini kwa sababu meza za wengi wetu zimejaa, na kibao kisicho na nafasi mezani huishia juu ya kabati.

Wacom Intuos Pro ni bora kuliko vyote hivyo, na ni ghali kuliko vyote. Subiri mpaka uchoraji ukulishe.

Vyenye skrini, kama Huion Kamvas 13, vinavutia macho, ila vinaongeza nyaya, joto na kuinamisha shingo. Visiwe ununuzi wa kwanza. Huion H430P nacho ni kidogo mno kwa kuchora, ingawa kwa saini kinatosha.

Kabla hujalipa, hasa kwa kilichotumika, nenda na laptop yako yenye Krita, programu ya kuchora ambayo ni ya bure. Weka rula juu ya kibao, chora mstari wa mshazari polepole sana. Ukitoka na mawimbi, rudisha. Inua kalamu kidogo, kama nusu sentimita, uone kishale bado kinaifuata mpaka kwenye pembe zote nne. Tikisa kebo kwenye tundu lake. Na hakikisha kalamu ni ya kibao hicho hicho, maana ya modeli nyingine mara nyingi haikubali.

Ukifika nyumbani, ondoa draiva ya kibao cha zamani kabla ya kuweka mpya, maana draiva mbili zikikutana mgandamizo hupotea. Kisha linganisha uwiano wa kibao na wa skrini. Eneo la 160 kwa 100 kwenye skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 linavuta duara liwe yai, kwa hiyo ndani ya draiva punguza urefu wa wima uwe milimita 90. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze kibao na achague nyuzi 180 humo humo. Kipanya kiweke mbali kwa wiki ya kwanza, la sivyo mkono utakikimbilia kila kazi ikibana.

Ncha ya kalamu huisha. Ikianza kukatika mshazari na kuwa kali, ibadilishe siku hiyo hiyo kabla haijakwaruza uso. Uso ukishakwaruzika, bandika karatasi nyeupe ya kawaida juu yake: ishara inapita bila shida, na wengine wanaipenda zaidi kwa sababu kalamu inakamata kama kwenye daftari, ingawa ncha zitaisha haraka zaidi.