Kielelezo cha Misuli ya Nyonga: Kinafaa Darasani, Lakini Kikaguliwe Kabla ya Kununuliwa

Mkufunzi anayefundisha misuli ya nyonga kwa michoro ya ubaoni peke yake hukwama mahali pamoja: misuli ya eneo hili imepangwa kwa tabaka, mmoja juu ya mwingine, na mchoro huonyesha tabaka moja tu kwa wakati. Kwa sababu hiyo nilikipokea kwa hamu kielelezo cha plastiki ambacho chuo chetu hapa Kisumu kilinunua kutoka duka moja la vifaa vya tiba mjini. Baada ya kukitumia na wanafunzi wa fiziotherapia na wa uuguzi kwa muhula mzima, nakipendekeza kwa vyuo, ingawa kina kasoro ambazo mnunuzi anapaswa kuzijua kabla hajalipa.

Ni nyonga ya kulia ya mtu mzima, ya ukubwa halisi, inayoanzia kwenye ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga na kuishia katikati ya paja. Misuli ya nje imeshikizwa kwa sumaku ndogo, kwa hiyo hubanduliwa na kurudishwa bila kulazimishwa. Gluteasi maksimasi, ule msuli mnene wa tako unaotuinua tunapopanda ngazi au kuamka kutoka kitini, huondoka mzima kwa mkono mmoja. Chini yake hujitokeza gluteasi midiasi, msuli wa kati wa tako, na pembeni mwake msuli wa pirifomisi ukiwa umetoka mbele ya sakramu, mfupa ulio chini ya pingili za kiuno, ukapita kwenye tundu kubwa la nyuma ya nyonga, ukaenda kujishikiza kwenye trokanta kubwa, yaani nundu ya mfupa inayoshikika upande wa nje wa paja.

Tabaka hili la ndani ndilo lililonifanya nikithamini kifaa hiki. Pirifomisi ni alama ya kuongozea njia: neva ya juu ya tako na mishipa yake ya damu hutokea juu yake, ilhali neva ya chini ya tako na ile kubwa ya saiatiki, inayoshuka hadi mguuni, hutokea chini yake. Mwanafunzi akishaipata pirifomisi kwa kidole, mengine huyapanga mwenyewe. Chini yake zaidi kuna obturata ya ndani, msuli ambao kwa miaka mingi nimeona wanafunzi wakiukariri bila kuuelewa, kwa sababu huanza ndani kabisa ya fupanyonga, hutoka nje kupitia tundu dogo la nyuma, kisha hupinda kwa ghafla kama kamba iliyozungushwa kwenye kona ya nguzo na kuelekea trokanta kubwa. Katika kielelezo hiki kona hiyo imefinyangwa vizuri mno. Nilimwona mwanafunzi akipitisha kidole chake cha shahada kutoka ndani hadi nje, akarudia, kisha akaeleza mwenyewe, bila kuulizwa, kwa nini msuli huo huzungusha paja kuelekea nje.

Kwa wauguzi, faida kubwa iko kwenye somo la sindano. Kwa kuwa kipimo ni cha mtu halisi, mwanafunzi huweka kitako cha kiganja cha mkono wa kushoto juu ya trokanta kubwa, kidole cha shahada kwenye ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, kidole cha kati akakitanua kufuata ukingo wa juu wa mfupa huo, na katikati ya vidole hivyo viwili ndipo sindano inapoingia, katika gluteasi midiasi, mbali na neva ya saiatiki. Kisha tunabandua gluteasi maksimasi ili aone kwa macho yake neva hiyo inapita wapi, na aelewe kwa nini sindano inayochomwa ovyo katikati ya tako inaweza kumwacha mtoto na mguu uliolegea. Somo hili nalipa uzito kuliko yote, na hakuna mchoro ulionisaidia kulifundisha kwa ufasaha kiasi hiki.

Sasa kasoro. Neva yenyewe ya saiatiki imewekwa kama waya mwembamba wa manjano, ilhali ndiyo neva nene kuliko zote mwilini, na mwanzoni mwake hufikia upana wa takriban sentimita 2. Asiyeambiwa ataondoka akidhani ni uzi. Vilevile waya huo hupita chini ya pirifomisi tu. Hivyo ndivyo ilivyo kwa watu wengi, lakini kwa baadhi sehemu ya neva hupenya katikati ya msuli, jambo ambalo mtaalamu anayeshughulikia maumivu ya tako yanayoshuka mguuni hapaswi kulisahau.

Kasoro iliyonisikitisha zaidi iko upande wa mbele. Iliopsoasi, mkunjaji mkuu wa nyonga, imekatwa kwenye ukingo wa fupanyonga. Nusu yake moja, iliakasi, inaonekana sawasawa ikiwa imejaza bakuli la mfupa wa nyonga, lakini psoasi kubwa, ambayo huanzia kwenye pingili ya mwisho ya kifua na pingili za kiuno, haina mwanzo wowote. Tunawahudumia watu wengi wanaokaa vitini kutwa, wakiwamo madereva wa masafa ya Kisumu na Nairobi, ambao nyonga zao hukaza na viuno vyao huuma, na uhusiano wa mambo hayo mawili hauelezeki bila kuonyesha msuli unaounganisha uti wa mgongo na paja. Mimi hulazimika kuleta pingili za kielelezo kingine na kuzisimamisha juu ya hiki.

Mkanda mpana wa upande wa nje wa paja nao unaishia hewani, kwa kuwa kielelezo hakifiki goti. Hilo si dogo, kwa maana sehemu kubwa ya gluteasi maksimasi hujishikiza kwenye mkanda huo, ambao hushuka hadi kwenye mfupa wa muundi. Misuli ya ndani ya paja imefinyangwa kama bonge moja lisilobanduka. Sina la kuisifia.

Gluteasi minimasi, msuli mdogo wa tako ulio chini ya midiasi, pia imegandishwa kwenye mfupa, ila hapo nasamehe, kwani kazi yake hufundishwa vizuri zaidi kwa mtu aliye hai. Mgonjwa husimama kwa mguu mmoja; midiasi na minimasi za upande aliokanyagia zikiwa dhaifu, fupanyonga huinama upande wa mguu ulioinuliwa. Dalili hiyo, aliyoieleza daktari wa upasuaji wa Ujerumani Friedrich Trendelenburg mwaka 1895, wanafunzi wetu huitafuta wodini, katika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo wenyeji bado huiita Russia, na hakuna plastiki inayoweza kuinama hivyo.

Kuhusu uimara, sumaku hazijalegea, lakini rangi ya sehemu zinazoshikwa mara kwa mara ilianza kutoka tulipokisafisha kwa spiriti, kwa hiyo sasa tunatumia kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Kijitabu kilichoambatana nacho kina namba na majina tu, bila maelezo ya neva wala kazi za misuli. Wakufunzi tumeandika karatasi yetu wenyewe.

Kwa mwanafunzi mmoja mmoja bei ni nzito, na nisingemshauri ajinyime ili akinunue wakati chuo chake kinaweza kukiweka maktabani. Kwa chuo, ndiyo, kinunuliwe. Atakayetumwa dukani aombe boksi lifunguliwe mbele yake, abandue gluteasi maksimasi, ahakikishe pirifomisi na obturata ya ndani zimetenganishwa wala hazikuchorwa tu kwa rangi, na aulize kama kuna toleo lenye pingili za kiuno. Likipatikana, achukue hilo hata kama litaongeza gharama.