Yoga ya joto, picha imeondolewa ukutani

Mgongo ndio ulionipeleka. Zamu za saa 12 wodini hapa London zilikuwa zimenimaliza. Studio ni ndogo, joto nyuzi 40, mikao 26, dakika 90. Mkao wa mti bado unanishinda: jasho linatiririka mpaka unyayo unateleza pajani. Lakini sasa nainama kufunga viatu bila kuugulia.

Juu ya kioo kuna tundu la msumari. Hapo ilining'inia picha ya Bikram Choudhury, aliyetoka Kolkata akatajirika Marekani kwa mikao hii hii, akiheshimiwa kama mtume. Baadaye wanawake walimshtaki kwa ubakaji na unyanyasaji, yeye alikana. Mwaka 2016 jopo la mahakama Los Angeles liliamuru amlipe mamilioni ya dola Minakshi Jafa-Bodden, aliyekuwa mwanasheria wake. Mwaka 2017 ikatoka hati ya kumkamata, naye alikuwa ameshaondoka Marekani.

Mwalimu wetu hamgusi mtu bila kuomba ruhusa, na ukitaka kutoka chumbani unatoka. Kwa hilo nampa nyota zote. Bafu ni moja tu, foleni ndefu. Njoo na taulo mbili.