Uzoefu wangu: miezi mitano ya fiziotherapia ya goti, kutoka ngazi moja hadi kilomita 30

Juzi nimemaliza kilomita 30 kwa mara ya kwanza tangu goti la kulia liniweke chini. Kwa miezi mitano nimekuwa mteja wa mtaalamu wa fiziotherapia anayehudumia wakimbiaji, na humo katikati nimenunua vifaa kadhaa vya gotini ambavyo navyo nitavisemea. Kama goti limekusimamisha na hujui pesa yako uielekeze wapi, soma yaliyonikuta.

Sikuanguka wala kugongwa. Niliongeza kilomita kwa pupa wiki tatu mfululizo, nikapachika na mazoezi ya mteremko, na mteremko hulielemea goti kuliko tambarare. Maumivu yalianza mbele ya goti, nyuma ya pia ya goti, kile kifupa cha mviringo cha mbele. Mwanzoni yalinipata nikifika kilomita ya nane, baadaye ya tatu, mwishowe nikawa siwezi kushuka ngazi bila kushika ukuta.

Mahali pa kwanza nilipokwenda walinitazama dakika chache, wakaniambia nipumzike wiki sita, wakanipa karatasi yenye picha za mazoezi matatu. Nikatii. Maumivu yakaisha kabisa, nikatoka kwa furaha kukimbia kilomita sita, na kesho yake yakawa yamerudi palepale. Nililia siku ile. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba kupumzika hutuliza maumivu, lakini wakati huohuo misuli ya paja inazidi kunywea. Nilirudi barabarani na mguu dhaifu kuliko ule ulioumia.

Mtaalamu wa pili, ndiye huyu wa miezi mitano, hakuligusa goti karibu nusu saa nzima. Aliniuliza nilikimbia kiasi gani kila wiki kwa miezi mitatu ya nyuma, nalala vipi, lini nilibadilisha viatu. Kisha akanisimamisha juu ya kijukwaa cha kimo cha ngazi moja, kioo mbele yangu: nisimame kwa mguu mmoja, nishushe kisigino cha mguu mwingine polepole mpaka kiguse sakafu, nirudi juu. Niliposimama kwa mguu wa kushoto, goti lilikwenda sawa na vidole. Niliposimama kwa wa kulia, goti liliingia ndani, nyonga ikainama upande, paja likatetemeka. Akaniuliza, "Umeona mwenyewe?" Nilikuwa nimeona. Miezi yote ile nilikuwa nikilitazama goti, kumbe na nyonga ilikuwa na lake.

Kazi ikaanzia hapo. Kukaa mgongo ukiwa ukutani bila kiti. Kushuka kijukwaa kilekile. Kulala ubavu na kuinua mguu uliofungwa mpira wa kuvuta. Kupanda kwa ncha za vidole kwa mguu mmoja, kwa ajili ya shavu la mguu. Baada ya wiki kadhaa tukahamia kwenye vyuma, na vyuma hasa, si vile vya kupunga hewani. Mara tatu kwa wiki, bila kuruka.

Lakini kilichonifaa zaidi katika huduma nzima ni kipimo cha maumivu. Kutoka 0 hadi 10, aliniruhusu kufika 3 nikiwa nakimbia. Hukumu yenyewe ilisubiri asubuhi ya pili, nikishuka ngazi kabla ya kufanya lolote lingine. Ngazi zikishukika kama jana, naendelea na ratiba. Maumivu yakizidi ya jana, narudia hatua ileile, siongezi. Kabla ya hapo nilikuwa na njia mbili tu: kuogopa kila kichomo, au kukaza meno na kupuuza vyote. Kwa kipimo hiki nikajua kichomo kipi ni cha kuvumilia na kipi ni cha kusikiliza.

Kukimbia kwenyewe kulirudi kwa vipande: dakika 1 kukimbia, 2 kutembea, mara nane. Niliona aibu mwanzoni. Kumbe Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia Olimpiki ya 1972, aliwafundisha watu wengi sana kumaliza marathoni kwa kuchanganya kukimbia na kutembea, na aibu ikaniondoka. Pia tulifupisha hatua zangu. Saa ilionyesha napiga hatua 162 kwa dakika. Tukazipandisha taratibu hadi 172 kwa mwendo uleule. Mguu ukawa unatua karibu na mwili badala ya mbele sana, na mzigo wa gotini ukapungua. Badiliko hili nililisikia ndani ya wiki mbili.

Sasa vifaa. Soksi ya goti, ile ya kitambaa cha kuvutika, inaleta joto na inatoa moyo. Niliivaa mwezi wa kwanza na sijutii, ila usitegemee ikushikie goti. Mkanda unaofungwa chini ya pia ulinibana tu, nikauacha. Programu ya simu yenye ratiba ya marathoni niliifuta: iliongeza kilomita kila wiki bila kuuliza nimeamkaje.

Huduma ina kasoro zake. Mazoezi ya nyumbani yalinichukua dakika 40 na yanachosha roho. Tena mtaalamu alikataa katakata kunitajia tarehe ya mbio, jambo lililoniudhi sana. Nilimtajia Joan Benoit, mkimbiaji wa marathoni wa Marekani, aliyefanyiwa upasuaji wa goti siku 17 kabla ya mchujo wa Marekani wa Olimpiki ya 1984, akashinda, kisha akashinda marathoni ya kwanza ya Olimpiki kwa wanawake huko Los Angeles. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema goti langu halina cha kukatwa. Linataka nguvu, na nguvu haiji kwa siku 17. Tatizo ni kwamba pumzi hurudi upesi, kano huchelewa. Mapafu yalikuwa yakinihimiza wiki nyingi kabla goti halijawa tayari.

Naipendekeza huduma hii kwa mwenye maumivu kama yangu. Ila kama goti lako limevimba, linakwama halinyooki, au linalegea ghafla ukiwa unatembea, mwone daktari kwanza kabla ya vyuma na vijukwaa.

Jana asubuhi nilishuka ngazi zote bila kushika ukuta. Maumivu niliyapa alama 1. Jumamosi nashusha hadi kilomita 20, kama ratiba inavyosema, na safari hii sitaongeza hata moja.