Umeme wa treni za LEGO: mota safi, kisanduku chenye masharti

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aende zake. Kwa treni ya matofali ya LEGO inayotembea yenyewe, mota namba 88011, kisanduku cha betri namba 88009 na rimoti namba 88010 ni vifaa vizuri. Vina nguvu, havina makuu, na mtoto wa darasa la pili anaviendesha bila kuelekezwa. Ila ukiwa kama mimi, mtu anayenunua treni ya kwenye boksi ili aibomoe apate vipande vya kujengea yake, ujue kisanduku hicho ndicho kitakachokuwa bosi wako. Hukitafutii nafasi ndani ya treni. Unaijenga treni kukizunguka.

Mfumo wenyewe unaitwa Powered Up, na kwenye treni umekuwepo tangu mwaka 2018. Kisanduku kinabeba betri sita za AAA, kina matundu mawili ya kuchomekea, A na B, na kinapokea amri kwa Bluetooth, iwe kutoka kwenye rimoti au kwenye simu. Simu siipendi. Kuteleza kidole kwenye kioo huku treni inakaribia kona si raha ninayoitafuta, na rimoti ina vitufe ambavyo kidole kinavijua bila macho kuangalia. Mota nayo imeumbwa kama kigari cha chini ya behewa: ekseli mbili, magurudumu yaliyovishwa mipira myembamba ili yasiteleze kwenye reli ya plastiki. Hakuna gia za kupanga. Unaiweka chini ya behewa, unachomeka waya, unabonyeza kitufe cha kijani cha kisanduku na kile cha rimoti, taa zake zinapepesa kidogo, zinakubaliana rangi, safari imeanza.

Kichwa cha treni nilichokijenga ni cha mvuke, cheusi chenye mistari ya hudhurungi, upana wa vinundu sita, yaani vile vichwa vidogo vya juu ya tofali vinavyoshikana na tofali jingine. Chenyewe hakina mota. Tangi la mvuke ni la mviringo na jembamba, na kisanduku hakiwezi kuingia mle bila tangi kuonekana limevimba. Kwa hiyo nilifanya wafanyavyo wengi: mota na kisanduku vyote vikaenda kwenye behewa la makaa linalofuata nyuma yake, na kichwa kinasukumwa tu, magurudumu yake makubwa na vyuma vyake vya pembeni vikizungushwa na reli. Mtazamaji hajui. Anaona vyuma vinapanda na kushuka, anaamini kazi inafanyika pale mbele.

Sasa hesabu za kisanduku zinaanza. Upana wake ni vinundu vinne, urefu wake vinane. Kwenye behewa la vinundu sita, ukitoa vinne unabaki na viwili, kimoja kila upande, yaani ukuta wako ni wa tofali la kinundu kimoja na basi. Ule ufundi wa kugeuza vipande vilale ubavuni, ambao wajenzi wanautumia kupata mistari na herufi safi, haupati nafasi hapo mpaka ukubali kuvuka upana wa treni nzima. Nikaachana nao. Ukuta wangu ni mabamba ya upana mmoja yaliyopangwa juu kwa juu, na mstari wa hudhurungi ni safu moja ya mabamba ya rangi hiyo kati ya meusi. Mabamba matatu yakipandana yana kimo cha tofali moja, milimita 9.6, kwa hiyo mstari una milimita 3.2. Ukisimama hatua mbili nyuma unadhani umepigwa kwa brashi.

Kisha kuna kitufe. Kiko juu ya kisanduku, na lazima kidole kikifikie kila unapowasha. Betri zikiisha, kisanduku chote lazima kitoke. Kwa hiyo makaa ya behewa langu ni kifuniko: bamba lililojazwa vipande vyeusi vya mviringo vya kinundu kimoja, vingine vimepanda juu ya vingine kwa vurugu ya makusudi, na bamba lenyewe limeshikwa na vinundu viwili tu kila ncha. Ukiliinua kwa ukucha linatoka na makaa yake yote, kisha kisanduku kinanyanyuka, kwa sababu chini yake nimeweka vigae visivyo na vinundu na kimebanwa na kuta pekee. Mimi naona fahari na kifuniko hicho kuliko kichwa chenyewe, na sijapata mgeni wa kumwonyesha ambaye hakuuliza kwanza treni inakwenda kasi gani.

Waya wa mota ni suala jingine la kulipia nafasi. Urefu wake umepangwa kiwandani na hauchomoki upande wa mota. Mota ikiwa chini ya kisanduku kama yangu, sehemu kubwa ya waya ni ziada, na ziada hiyo inataka kona ya kulala. Nimeikunja nyuma ya ukuta wa mbele wa behewa, mahali ambapo ningependa kuweka kisanduku cha vifaa na breki ya mkono. Navyo havipo.

Lawama yangu kubwa lakini ni yale matundu mawili. La kwanza ni la mota, hilo halina mjadala. La pili je? Taa namba 88005, vijitaa viwili vidogo kwenye nyaya nyembamba, zinakula tundu zima. Ukizitaka taa, umeikosa mota ya pili. Ukiitaka mota ya pili, treni yako itasafiri gizani. Katika mfumo uliotangulia, Power Functions, plagi zilikuwa na vinundu na zilipandana: juu ya plagi ya mota unabandika ya taa, juu ya taa mota nyingine, mpaka betri zilalamike. Plagi ya Powered Up inaingia ndani ya tundu na haibebi mwenzake. Sababu naielewa. Ina nyaya sita, na kupitia hizo kisanduku kinatambua chenyewe umechomeka nini, kama ni mota au taa au kihisi. Ni akili nzuri kwa vihisi. Kwa taa, ninatambua mwenyewe kwamba nimechomeka taa. Kipo kisanduku kikubwa zaidi, namba 88012, chenye matundu manne, ila kinakula betri sita za AA na ni kipana mno kwa behewa langu. Hicho waachieni wajenzi wa magari na makatapila.

Hata hivyo sirudi nyuma. Treni za rimoti zilizotoka mwaka 2006, na zile za Power Functions baada yake, zilitumia mwanga wa infraredi, na mwanga haupindi kona. Treni ikishaingia handakini huna breki tena. Inaendelea na mwendo uliouacha mpaka ichomoze upande wa pili, na wewe umeinyooshea rimoti mdomo wa handaki kwa matumaini. Bluetooth haijali handaki wala mtu aliyesimama katikati. Wazee wa reli za chuma za 9V, zilizoanza mwaka 1991, wao wanatucheka wote, maana umeme wao ulipita kwenye reli yenyewe na treni haikubeba betri hata moja. Wana haki ya kucheka. Ila LEGO haizitengenezi tena reli hizo, na treni mbili zikiwa kwenye njia moja zilitii mkono mmoja: ukiongeza kasi ya hii umeongeza na ya ile. Powered Up, kila treni na rimoti yake, kila rimoti na rangi yake. Binti yangu anaendesha treni ya abiria, mimi ya mizigo, na yeye ndiye anayepewa njia kuu.

Rimoti ina pande mbili, kila upande na kitufe cha kuongeza, cha kupunguza, na chekundu cha kusimamisha katikati. Kila ukibonyeza, unapanda ngazi moja kati ya kumi. Kwa kichwa na mabehewa mawili mepesi, ngazi hizo zinatosha kabisa. Kwa treni nzito mambo hubadilika: ngazi ya kwanza haisogezi kitu, ya pili mota inaguna, ya tatu treni inaondoka kwa kushtuka, na zile sumaku zinazounganisha mabehewa zinapewa mtihani ambao hazikuusomea. Kitufe chekundu ni kibaya zaidi, kinasimamisha papo hapo. Binti anakipenda sana. "Baba, ajali!" anapiga kelele, hata pasipo na ajali yoyote, kisha anakibonyeza.

Dawa ipo, na ni ya bure. Inaitwa Pybricks, programu huria inayokaa ndani ya kisanduku badala ya ile ya kiwandani. Unaunganisha kwa Bluetooth kupitia kivinjari cha kompyuta, unaandika maagizo kwa MicroPython, toleo dogo la lugha ya programu ya Python, na baada ya hapo kisanduku na rimoti vinaendelea bila kompyuta. Programu yangu haijazi hata ukurasa. Nikibonyeza kuongeza, nguvu haziruki hadi ngazi mpya, zinapanda asilimia mbili mbili mpaka zifike. Chekundu kinashusha kwa mtindo huohuo, ila kwa haraka. Matokeo yake treni inaanza kwa uzito wake, mabehewa yanavutana moja baada ya jingine, na sumaku zinakaa. Kama umeshawahi kuandika hata mstari mmoja wa Python, fanya hivyo kabla hujafikiria kununua mota ya pili. Na ukitaka kurudisha programu ya kiwandani, inarudi.

Jambo moja Pybricks haiwezi kulitibu: mota hii haina kihisi cha mzunguko, haijui inakwenda kasi gani. Unaipa nguvu, haupangi mwendo. Na mwendo unapotea kwenye kona. Kona za LEGO zina nusu kipenyo cha vinundu 40, yaani sentimita 32 hadi katikati ya njia, na vipande 16 vinafunga duara zima. Ni kali. Kila gurudumu linasugua ukingo wa reli, behewa refu linatoa tumbo nje, na treni ndefu inapunguza mwendo wazi machoni pako, kisha inauokota tena ikifika kwenye mnyoofu. Wapo watengenezaji wengine wanaouza kona pana zinazoshikana na reli za LEGO, na mwenye sakafu ya kutosha naona afadhali aanzie huko kwenye matumizi yake.

Mshiko nao unataka uzito. Kisanduku kikikaa moja kwa moja juu ya mota, betri zake zinafanya kazi mara mbili, zinatoa umeme na kuibana mipira ya magurudumu kwenye reli. Kikikaa kwenye behewa jingine, magurudumu ya mota nyepesi yanazunguka palepale bila kusonga kwenye mlima mdogo tu. Mipira inakusanya vumbi na nywele, basi kitambaa chenye unyevu kipite hapo mara kwa mara.

Betri. Sita kwenye kisanduku, nne kwenye rimoti, jumla kumi kwa treni moja, na kisanduku hiki hakina toleo la kuchaji, ilhali Power Functions ilikuwa nalo. Mimi natumia betri za AAA za kuchaji. Hizo ni volti 1.2 kila moja badala ya 1.5, kwa hiyo treni inapata 7.2 badala ya 9, na inaonekana: imepungua kasi. Kwa kichwa cha mvuke sina shida na hilo. Mwenye treni ya mwendokasi atanung'unika.

Kwa hiyo nani anunue? Mwenye boksi la treni ya LEGO lenye vifaa hivi ndani yake hana la kuchagua, na atafurahi. Mwenye kabati la mota za Power Functions asitarajie zitaingia, plagi haziendani, itabidi atafute waya wa kuunganishia kutoka kwa wengine au abaki alipo, na kama hana handaki wala treni ya pili, abaki tu. Anayejenga kwa upana wa vinundu vinane atapata ukuta wa vinundu viwili kila upande, nafasi ya mistari, herufi na hata madirisha ya uongo, na kisanduku hatakiona kero. Anayejenga sita, kama mimi, aanze na kisanduku mezani na achore behewa kutoka ndani kwenda nje. Na wale wa treni nyembamba za vinundu vinne waachane nacho, maana kisanduku peke yake kimeshamaliza upana wote na hakuna pa kuweka ukuta.